Pikipiki imegoma kuwaka? Tafuta cheche kabla ya kununua spea

Unaijua hii hali. Ni saa kumi na moja alfajiri, mteja wa kupelekwa sokoni ameshapiga simu mara mbili, na kila ukipiga kiki injini inakunyamazia. Unaisukuma hadi kwa fundi, naye hata kabla hajashika spana anakwambia: “Hiyo ni CDI, kijana. Leta pesa.”

Huenda ni kweli. Lakini huenda pia ni kofia ya plagi iliyoingia maji, au waya uliolegea tu. Ukinunua CDI na tatizo libaki palepale, ni nadra duka la spea kukurudishia pesa za kifaa cha umeme ambacho kimeshafungwa kwenye pikipiki. Siku imeenda, pesa zimeenda, na mkopo wa pikipiki hausubiri mtu.

Kwa hivyo shika kanuni hii: anza na kisichogharimu kitu, malizia na kinachouma mfuko. Na usinunue kifaa chochote cha umeme kabla hujaona kwa macho yako kama cheche ipo au haipo.

Dakika mbili za kwanza

Tazama swichi nyekundu ya kuzima injini iliyo kwenye usukani. Abiria au mtoto wa jirani anaweza kuigusa bila wewe kujua. Hakikisha koki ya petroli imefunguliwa na gia iko nyutro. Baadhi ya pikipiki pia zina swichi kwenye stendi ya pembeni, na stendi ikiwa chini, haziwaki ng’o.

Sasa washa ufunguo na upige honi. Kama hakuna taa hata moja inayowaka na honi iko kimya, nenda kwenye fyuzi na vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa hivyo, vifungue, visugue kwa msasa hadi ving’ae, kisha uvikaze. Ukifungua, anza na upande wa hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho.

Fyuzi ikiwa imekatika, weka nyingine ya namba ileile. Usifunge kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi hukatika ili waya usiungue, na ukiizuia kukatika, kitakachoungua ni pikipiki yenyewe, na tangi la petroli liko hapo juu.

Kama taa zinawaka lakini ukibonyeza stata inasema “tik” na kunyamaza, shuku betri, vichwa vyake au rilei ya stata. Stata hula umeme mwingi sana kuliko honi, kwa hivyo honi kulia haimaanishi betri iko fiti.

Kuna jambo linalowachanganya wengi hapa. Pikipiki nyingi za kabureta hazitegemei betri kutoa cheche. CDI yake hupata umeme kutoka koili zilizo ndani ya magneto, ambayo huzunguka pamoja na injini. Betri ikifa, stata itagoma, lakini kiki itaiwasha. Nyingine hutumia umeme wa betri, na hizo betri ikilala kabisa, hata ukipiga kiki hadi mguu uume hupati kitu. Muulize fundi yako ni ya aina gani, ukiwa bado uko barabarani.

Jaribio la cheche

Toa kofia ya plagi, kisha fungua plagi kwa spana yake na uitazame. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayachomeki. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki nyingi, huenda petroli haifiki. Ikiwa na masizi meusi makavu, inapata petroli nyingi kuliko hewa, basi angalia choki na chujio la hewa. Ikiwa na oili nyeusi inayonata, injini inachoma oili, na hilo ni la fundi. Plagi nzima huwa na rangi ya kahawia hafifu.

Isafishe au tumia mpya, irudishe kwenye kofia yake, kisha ilaze ili chuma chake kiguse chuma cha injini. Iweke mbali na tundu ilimotoka, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka humo unaweza kushika moto. Usishike chuma cha plagi kwa mkono, maana huo ni umeme wa maelfu ya volti. Washa ufunguo, mwambie mwenzako apige kiki, nawe utazame ukiwa kivulini.

Cheche ya buluu inayolia “tak tak” ni nzuri. Hapo achana na umeme, nenda kwenye petroli na kabureta. Cheche nyekundu na dhaifu, au isiyokuwepo, inamaanisha uendelee kufuata waya.

Chomoa kofia ya plagi kutoka kwenye waya wake. Ikiwa ina maji au kutu ndani, ikaushe. Kama waya ni mrefu wa kutosha, kata ncha yake kama milimita tano upate shaba safi, kisha uirudishe. Halafu fuata waya hadi kwenye koili, na kagua waya wa athi unaoshika fremu. Chomoa na uchomeke tena konekta za CDI na za magneto. Kama pikipiki iligoma baada ya mvua au baada ya kuoshwa kwa mashine ya presha, hapo ndipo maji hujificha.

Ukimaliza yote hayo na cheche bado hakuna, sasa ndio unaweza kuitaja CDI. Hata hivyo usiinunue bado. Stejini kuna mwenzako mwenye pikipiki ya modeli ileile. Mwombe yake kwa dakika tano uijaribu. Ikiwaka, umepata jibu. Isipowaka, umeokoa pesa, na sasa ni zamu ya koili, magneto na swichi ya ufunguo kupimwa.

Betri inayokufa kila wiki

Kununua betri mpya kila mara hakutibu kitu. Tafuta mita ndogo ya umeme, hata mkichanga watu wa steji moja. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Injini ikiunguruma kidogo, inafaa isome kati ya 13.5 na 14.8 hivi. Ikibaki 12, haichajiwi. Ikipita 15, rektifaya imeharibika na itaipika betri pamoja na balbu.

Na tuseme ukweli kuhusu urembo. Taa za LED, spika na chaja ya simu ni poa, lakini zikiungwa kwa waya uliochunwa na kufungwa na karatasi ya nailoni, ndizo zinazokula betri usiku na kukata fyuzi mchana. Kila ulichoongeza kiwe na fyuzi yake na kizimike ufunguo ukizimwa. Pikipiki ikigoma, kitoe hicho kwanza.

Kwenda kwa fundi si aibu. Ila usifike ukisema “angalia tu.” Mwambie: fyuzi ni nzima, plagi ilitoka imelowa, cheche sijaiona, konekta nimekagua. Kisha mwombe akuonyeshe jaribio la cheche kabla hajakutuma dukani, na akurudishie kifaa anachotoa. Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kwamba umemwokolea nusu ya kazi.