‘Gelato’, ‘Wedding Cake’, ‘Cookies’: Bangi yenye jina la keki ina nini ndani?

Majina yake yanafanana na menyu ya duka la keki: Gelato, Wedding Cake, Girl Scout Cookies. Vijana wengi wa Tegeta, Tandale, Mbagala au Tandika wameyasikia kwanza kwenye nyimbo na mitandao ya kijamii kutoka Marekani, kabla hata hayajatajwa kijiweni.

Lakini jina tamu halimaanishi mzigo mwepesi. Ukweli ni kinyume chake.

Zimetoka wapi?

Aina nyingi za kundi hili zilianzia jimbo la California, Marekani. Wakulima huko walichukua mbegu za bangi za aina tofauti wakazichanganya ili kupata mmea wenye harufu nzuri na nguvu kubwa. Ndiyo maana zinaitwa chotara.

Afrika nayo imo kwenye ukoo huo. Girl Scout Cookies inasemekana imetokana na OG Kush ya Marekani na Durban Poison, yenye asili ya Afrika Kusini. Kutoka kwenye ukoo wa Cookies ndiko ikazaliwa Gelato.

Mbona inanukia kama keki?

Hakuna sukari wala vanila ndani ya mmea. Harufu inatokana na mafuta ya asili yanayoitwa terpini, na unazijua tayari kutoka jikoni kwako. Limonini ndiyo inayonukia kwenye ganda la chungwa na limau. Kariofilini imo kwenye pilipili manga na karafuu. Linaloli imo kwenye maua ya lavenda.

Zikichanganyika kwa viwango fulani, pamoja na kemikali nyingine kidogo sana, pua inasoma ‘kitu kitamu’. Ni harufu tu. Haisemi chochote kuhusu ukali.

Ukali unatoka wapi?

Kinacholewesha ni kemikali ya THC, ambayo wanasayansi waliitenga mwaka 1964 nchini Israel. Huko Marekani, vipimo vya bangi iliyokamatwa vilionyesha wastani wa THC wa takriban asilimia 4 mwaka 1995. Kufika 2014 ulikuwa takriban asilimia 12. Aina za kundi la keki mara nyingi hutangazwa kuwa na asilimia 20 na zaidi.

Kwa hiyo mtu aliyezoea bangi ya zamani ya shambani akivuta kiasi kilekile cha chotara hizi, anaingiza mwilini kitu kizito mara kadhaa.

Hapa Dar, jina linalosikika zaidi kwa bangi kali ni skanka. Nalo limetoka Marekani, kwenye jina la mnyama anayetoa harufu kali kama kicheche. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) imekuwa ikitangaza mara kwa mara kukamata skanka.

Je, jina linakuhakikishia unachonunua?

Hapana. Utafiti uliotoka mwaka 2022 ulipitia takriban sampuli 90,000 za bangi kutoka majimbo sita ya Marekani, ambako inauzwa kwa leseni na kupimwa maabara. Ulikuta lebo za indica, sativa na chotara haziendani vizuri na kemikali zilizomo.

Kama kwenye duka lenye leseni lebo haiaminiki, basi kete ya mtaani isiyopimwa popote ni kubahatisha kabisa. Muuzaji anaweza kuita Gelato chochote alichonacho mfukoni.

Hatari iko kwa nani zaidi?

Vijana, kwa sababu ubongo huendelea kukua hadi miaka 25 hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha miji ya Ulaya na Brazil, ulikuta wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 au zaidi wana uwezekano wa karibu mara tano wa kupata ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia visivyokuwepo, ukilinganisha na wasiotumia kabisa.

Wa pili ni watoto. Mwaka 2024, DCEA ilitangaza kukamata biskuti zilizotengenezwa kwa bangi jijini Dar es Salaam. Hapa si jina tena, ni kitafunwa chenyewe.

Bangi ikiliwa hufanya kazi tofauti na ikivutwa. Inapitia kwenye ini, ambalo huibadili THC kuwa kemikali yenye nguvu zaidi. Inaweza kuchukua dakika 30 hadi saa mbili kabla hujasikia kitu. Mtu anadhani haijashika, anaongeza kipande kingine, halafu vyote vinashika kwa pamoja.

Mtoto akila anaweza kuzama kwenye usingizi mzito, kuyumba au kupumua kwa shida. Mkimbize hospitali na umwambie daktari ukweli wa alichokula. Kuficha kwa aibu kunachelewesha matibabu.

Sheria inasemaje?

Afrika Kusini, mahakama ya katiba iliruhusu matumizi binafsi ya watu wazima mwaka 2018. Tanzania haijafanya hivyo. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kulima, kumiliki, kuuza na kutumia bangi ni kosa, iwe ya shambani au yenye jina la keki.

Anayetaka kuacha afanyeje?

Wengi hudhani kliniki za methadoni za Mwananyamala na Temeke zitamsaidia kila mtumiaji. Methadoni ni ya waraibu wa heroini na dawa za jamii hiyo. Kwa bangi hakuna dawa mbadala ya namna hiyo. Msaada mkubwa ni ushauri nasaha, na daktari wa afya ya akili pale dalili zinapojitokeza. DCEA ina namba ya bure, 119, unayoweza kupiga kuuliza pa kuanzia.