Sikiliza Difu Kabla Theluji Haijaanguka

Mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne una tabia moja inayomponza mwenye gari kuukuu: barabara ikiwa kavu, kazi yake ni ndogo mno, kwa hiyo unaweza kuharibika tangu Aprili na mtu asijue mpaka asubuhi ya theluji ya kwanza, gari likishindwa kupanda kilima kidogo cha kutokea nyumbani. Ndiyo maana wengi huamini kwamba theluji ndiyo ipimayo mfumo huu. Naona ni kinyume. Theluji huonyesha matokeo tu. Ubovu wenyewe husikika mapema, kwenye lami kavu, gari likienda mwendo wa mtu anayetembea. Tuchukue mfano wa Honda CR-V ya kizazi cha pili, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2001. Ni gari lililouzwa sana Marekani na Kanada, na ndilo hilohilo lililoshushwa Mombasa na Dar es Salaam likiwa limeshatumika Japani, na huko liliposhushwa mtihani wake huwa ni tope la masika.

Ndani ya difu ya nyuma ya gari hili kuna pampu mbili za mafuta. Moja huzungushwa na propela shafti, ambayo hufuata mwendo wa magurudumu ya mbele. Nyingine huzungushwa na magurudumu ya nyuma. Mbele na nyuma zikizunguka sawa, mafuta yanayosukumwa na pampu ya kwanza hunyonywa yote na ya pili, shinikizo halijengeki, na gari huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Ya mbele yakiteleza, pampu yao huizidi mbio ile ya nyuma, mafuta yanakosa pa kwenda, yanabana sahani za klachi, na nguvu inapita kwenda nyuma. Hakuna kompyuta wala waya katika kazi hiyo. Sasa angalia gari linapokata kona kali. Magurudumu ya mbele hupita kwenye duara kubwa kuliko ya nyuma, basi huzunguka zaidi, na klachi hubanwa kidogo hata pasipo utelezi wowote. Oili nzima ina viungo vinavyoziwezesha sahani kusuguana kwa ulaini. Viungo hivyo vikichoka, sahani hushikana, huachiana, hushikana tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kama upinde unavyoushika na kuuachia uzi wa zeze. Bodi ya gari nayo hugeuka kibuyu cha zeze hilo. Kinachosikika ni mguno mzito kutoka nyuma, na pengine mtetemo unaopanda mpaka kwenye kiti.

Kwa hiyo kipimo chenyewe ni rahisi. Endesha dakika 20 ili oili ipate moto, kisha nenda kwenye uwanja mtupu wa maegesho, kata usukani mpaka mwisho na uzunguke polepole, kushoto halafu kulia. Ila mguno usihukumiwe haraka. Gari likiwa limesimama na usukani ukiguna vilevile, mashaka yaende kwenye pampu ya usukani. Sauti ya tak-tak-tak kutoka mbele unapokanyaga mafuta kwenye kona ni ya jointi ya ekseli ya mbele. Uvumi unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, hata barabara ikiwa imenyooka, kwa kawaida ni wa beringi ya gurudumu au wa tairi. Mguno wa difu una mahali pake: kona kali, mwendo mdogo, oili ya moto.

Atasema mtu kwamba taa ya dashibodi haijawaka. Taa huwashwa na kompyuta, na kompyuta hujua kile tu inacholetewa na vihisi. Klachi inayobanwa na mafuta peke yake haina wa kuisemea. Lakini ukimya nao usipokelewe kama ushahidi wa uzima. Klachi iliyokwisha kabisa hailii, na wapo mafundi wanaoifungua propela shafti na kuiweka kando ili kelele iishe, gari likabaki la magurudumu mawili huku nembo yake ikisema mengine. Chungulia chini uhakikishe shafti ipo. Kisha tafuta kokoto zenye mwinuko kidogo, mwombe mtu asimame mbali ubavuni, na uondoke kwa nguvu: ya mbele yakianza kuteleza, ya nyuma nayo yanapaswa kurusha kokoto. Kamwe usipige jeki upande wa mbele peke yake ukatia gia, maana magurudumu ya nyuma yakipata nguvu yatalisukuma gari litoke juu ya jeki.

Kabla ya kuilaumu difu, pima matairi. Chukua tairi jipya lenye nusu kipenyo cha milimita 340 na jingine lililolika kashata milimita 5. Kwa hesabu ya karibu, la kwanza huzunguka mara 468 kwa kilomita na la pili mara 475. Lililolika likifungwa mbele na jipya nyuma, tofauti hiyo ya mizunguko 7 itajirudia kila kilomita ya safari, na difu huenda ikaishi kana kwamba iko kwenye kona isiyoisha. Kununua matairi mawili mapya na kuyaacha mawili yenye vipara kunaonekana ni kubana matumizi, ilhali gharama imehamishiwa kwenye sahani za klachi.

Pingamizi zito zaidi ni hili: matairi ya baridi yanatosha, ya nini kuhangaika na difu? Kwa upande wa breki, hoja hiyo ni ya kweli kabisa. Kwenye lami kavu gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linaweza kusimama ndani ya mita 14 hivi tangu breki ziliposhika; kwenye barafu tupu linaweza kuhitaji karibu mita 100, na kuendesha magurudumu manne hakupunguzi hata hatua moja. Sheria ya Québec nayo inadai matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, bila kujali nguvu inakwenda magurudumu gani. Lakini tairi zuri halitaiponya oili iliyoungua, na sahani zinazoshikana kwa mishtuko huendelea kujila majira yote.

Tena siku ya kubadilisha matairi ndiyo siku ya difu, kwa kuwa gari limeshainuliwa. Nati ya kujazia ifunguliwe kwanza, kabla ya ile ya kumwagia: chumvi ya barabarani huzigandisha kwa kutu, na ukishamwaga oili kisha ya juu ikakataa, gari haliondoki hapo. Sumaku ya nati ikiwa na utando laini wa kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida; vipande vinavyokwaruza kidole ni habari nyingine. Lita moja na ushei inatosha, lakini iwe ile ya pampu mbili iliyoagizwa na mtengenezaji, kwani oili ya kawaida ya gia haikutengenezewa sahani hizi. Baada ya hapo rudi uwanjani, zunguka mara kadhaa pande zote mbili oili mpya ipenye katikati ya sahani. Mguno ukipungua bila kwisha, mwaga ujaze tena. Ukibaki vilevile hata baada ya mara ya pili, difu ifunguliwe na sahani zitazamwe.