Kuku Akiatamia, Mayai Yaanze Siku Moja

Kuku wangu mwekundu aliatamia mayai kumi na moja mwezi wa Rajabu, akaangua manne. Saba yaliyobaki niliyavunja nyuma ya banda. Mawili yalikuwa viza. Matano yalikuwa na vifaranga ndani, wamekufa, wengine wameshaota manyoya. Kosa lilikuwa langu.

Yai lenye mbegu huangua kwa siku 21, lakini hesabu huanza siku lilipopata joto la mama, si siku lilipotagwa. Mimi niliwaachia kiota wazi; kila mama akitoka kula, matetea wenzake wakaingia kuongeza yao. Vifaranga wa kwanza walipotoka, akakaa siku mbili, kisha akaondoka nao kuwatafutia chakula. Waliochelewa wakafia ndani.

Sasa nakusanya mayai kapuni, mahali penye ubaridi, bila kuyaosha, yasipite siku saba. Kuku akishagoma kutoka kiotani, namwekea kumi au kumi na mawili usiku mmoja, yote nimeyatia alama ya penseli. Asubuhi yai lisilo na alama ni la kukaanga. Siku ya saba nayamulika kwa tochi ya simu: lenye mishipa linarudi, jeupe tupu naliondoa. (Ya dukani msihangaike nayo, ndugu zangu. Wale kuku kwa kawaida hawafugwi na jogoo.)

Ya bata msiyachanganye humo. Bata wetu huyu wa uso mwekundu huchukua siku 35.

Mwekundu ameanza tena Ijumaa iliyopita. Kumi na mawili, yote yana alama.