Mvua ya Mawe Mwishoni mwa Kipupwe: Utabiri wa Ngurumo Mbeya na Iringa

Weupe unaofunika barabara na mashamba ya Mbeya au Iringa baada ya ngurumo za alasiri si theluji. Ni mvua ya mawe iliyolundikana, ingawa picha zake huwafikia ndugu walioko Minnesota au Oslo zikiwa na maelezo kwamba "theluji imeanguka nyumbani". Weupe wa alfajiri katika uwanda wa Kitulo mwezi Juni au Julai ni kitu kingine tena: hiyo ni sakitu, nayo hutokea usiku mtulivu usio na wingu.

Wakati wa kipupwe, pepo za kusi huleta hewa baridi na kavu, na mawingu hayapati nguvu ya kupanda juu. Hali hubadilika karibu katikati ya Oktoba, jua la adhuhuri linapokuwa wima juu ya nyanda hizi. Ardhi iliyokauka kwa miezi hupata joto haraka, huku unyevu ukianza kuingia kutoka upande wa Kongo na Ziwa Nyasa. Upepo wa mchana hupandisha hewa hiyo kwenye miteremko ya Rungwe, Uporoto na Mufindi, na kufikia saa tisa alasiri wingu la radi huwa limesimama.

Ndani ya wingu hilo, chembe za barafu hurushwa juu na kugandiwa na matone ya maji yenye ubaridi chini ya sifuri, hadi uzito wake uushinde upepo unaozibeba. Hapo mwinuko ndio huamua. Katika anga ya ukanda huu, maji huanza kuganda kwenye kimo cha mita 4,500 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo jiwe hupita kwenye hewa ya joto kwa kama mita 3,000 tu. Likianguka Dar es Salaam, jiwe dogo kama hilo hufika chini likiwa tone la maji. Mwinuko hauelezi yote, hata hivyo: mvua ya mawe iliyoua zaidi ya watu 35 katika kijiji cha Mwakata, Kahama, Machi 2015, haikupiga nyanda za juu.

Upepo unaoezua mapaa hutoka katika wingu hilohilo. Mvua za kwanza hupita kwenye hewa ambayo bado ni kavu. Sehemu ya matone hugeuka mvuke, hewa hupoa, huwa nzito, kisha huporomoka na kusambaa ardhini.

Dhoruba ya theluji ya Minnesota huandamana na mfumo wa hewa wenye upana wa mamia ya kilomita, na kompyuta huiona siku kadhaa kabla. Wingu la radi la Mbeya lina upana wa kilomita chache, na laweza kuzaliwa na kufa ndani ya saa moja. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutangaza "mvua na ngurumo katika maeneo machache". Kauli hiyo huchekwa sana, lakini ndiyo ya kweli: siku na mkoa hujulikana mapema, kijiji hakijulikani. Hatari ikizidi, hutolewa angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa chungwa, au tahadhari kubwa kwa nyekundu.

Kijiji huanza kujulikana wingu likishazaliwa. Rada, ambazo Dar es Salaam na Mwanza zilitangulia kuzipata kabla ya Mbeya, huonyesha mvua ilipo na inakoelekea, na huwapa watabiri dakika kadhaa za kuonya. Milima, hata hivyo, huzuia mawimbi yake, na bonde lililo nyuma ya kilele hubaki gizani. Huko hutegemewa setilaiti za Meteosat, zinazopiga picha ya sehemu ya juu ya wingu kila dakika 15 au chini ya hapo: kilele kinachozidi kupoa na kutanuka kati ya picha moja na inayofuata ni dalili kwamba wingu linakua.