KOMPYUTA ZA NYUMBANI ZISIPOFIKIANA: MAMBO YA KUCHUNGUZA

Kompyuta sasa ni chombo cha kawaida katika nyumba za watumishi wa Serikali na za wananchi wengine. Katika nyumba zenye kompyuta mbili au zaidi, wenyewe hutaka kuiendesha moja wakiwa mbele ya nyengine, au kuchukua faili lililo chumba chengine bila ya kuinuka. Utaratibu huo huitwa ufikiaji wa mbali. Unapokatika, wengi hudhani kuwa mashine imeharibika, na wapo wanaofuta programu zote pamoja na kumbukumbu zilizomo. Aghlabu kasoro huwa ndogo, nayo hugunduliwa kwa uchunguzi wa hatua kwa hatua.

Mji wa Mpanda unatoa mfano mzuri. Mji huo ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na kwa miaka mingi umeme wake ulizalishwa kwa mashine za dizeli, nje ya Gridi ya Taifa. Umeme unapokatika na kurudi, ruta ya nyumbani huwaka upya na huweza kuzigawia kompyuta anwani nyengine. Kompyuta iliyokuwa 192.168.1.5 huenda ikawa 192.168.1.8, na ile inayoitafuta hubaki ikibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Wakaazi wa Unguja, waliokosa umeme wa gridi kwa takriban miezi 3 kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa jinsi kukatika kwa umeme kunavyovuruga mambo.

Ieleweke pia kuwa anwani zinazoanza na 192.168 zimetengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani tu. Kwa hiyo mtumishi aliyeko ofisini hawezi kuifikia kompyuta ya nyumbani kwake kwa kuandika namba hiyo. Namba hiyo ina maana ndani ya nyumba peke yake.

Kompyuta zisipofikiana, inashauriwa kufuata mpango ufuatao bila ya kuruka hatua:

Kwanza, ihakikishwe kuwa kompyuta inayotafutwa imewaka. Nyingi hujilaza zenyewe baada ya muda ili kupunguza matumizi ya umeme, na zikilala haziitiki.

Pili, ihakikishwe kuwa zote zimo katika mtandao mmoja. Ruta nyingi huwa na mtandao wa pili wa wageni, na kifaa kilichoingia huko huzuiliwa kuviona vyengine. Katika mashine za Windows, amri ya ipconfig huonesha anwani. Ikianza na 169.254, kompyuta haikupata anwani kutoka kwenye ruta. Basi uangaliwe kwanza waya au mawimbi ya Wi-Fi.

Tatu, itumike amri ya ping pamoja na anwani ya kompyuta inayotafutwa. Jibu likirudi, njia ipo na kasoro iko mbele zaidi. Lisiporudi, isihukumiwe mara moja kuwa njia imekatika, kwani kinga ya Windows huweza kuzuia jibu hilo ilhali mashine ni nzima.

Nne, iangaliwe kama kompyuta hiyo imeruhusiwa kupokea mgeni. Windows ya toleo la Home inaweza kuiendesha kompyuta nyengine kwa huduma ya Remote Desktop, lakini yenyewe haipokei. Toleo la Pro hupokea, baada ya huduma hiyo kuwashwa.

Tano, iangaliwe kinga ya mtandao, ambayo mafundi huiita faiawoli. Mtandao wa nyumbani ukiwa umeandikishwa kuwa wa hadhara, kinga hiyo huzidisha ukali. Ubadilishwe uwe wa binafsi, na programu inayohusika pekee ndiyo iruhusiwe. Kuizima kinga yote ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ya ufunguo uliokwama.

Sita, liangaliwe neno la siri. Kwa kawaida Windows humkataa mgeni wa mbali anayetumia akaunti isiyo na neno la siri. Aidha, namba fupi ya PIN inayofungua kompyuta pale mezani haikubaliwi kutoka mbali. Linalotakiwa ni neno la siri la akaunti yenyewe.

Ikibainika kuwa kasoro ilitokana na anwani kubadilika, dawa yake ni kuiagiza ruta iitengee kompyuta hiyo anwani moja ya kudumu. Hapo umeme hata ukikatika mara kumi, anwani itabaki ile ile.

Lipo jambo moja la hatari. Baadhi ya watu, wakitaka kuifikia kompyuta ya nyumbani wakiwa safarini, hufungua katika ruta lango namba 3389 linaloelekea nje. Lango hilo hutafutwa na wahalifu wa dunia nzima. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea katika nchi nyingi kupitia udhaifu wa huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, ingawa kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho yake mwezi Machi mwaka huo huo. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuyaweka. Atakaye kufikia nyumbani kutoka mbali atumie njia iliyofungwa ya VPN, na mashine yake iwe inapata marekebisho. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba, 2025.

Mwisho, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya idhini. Watumishi wa umma wanakumbushwa kutoweka nyumbani nyaraka za ofisi pasi na ruhusa ya wakuu wao wa kazi. Faili la mwananchi aliyeomba hati ya kiwanja au matibabu ni amana, na mlango ulioachwa wazi katika kompyuta ya mtumishi huweza kumdhuru mtu asiyejua hata kama kompyuta hiyo ipo.