Silinda hedi ikipasuka: Namna ya kuifungua bila kuua injini wala mtaji

WAFANYABIASHARA wengi wanaovuka mipaka ya Afrika Mashariki hutegemea magari yaliyotoka Japani yakiwa yameshatumika. Miongoni mwa yanayopendwa ni Toyota Prado na Hilux Surf za miaka ya 1990 zenye injini ya dizeli ya 1KZ-TE, ya lita 3 na turbo. Ni injini yenye nguvu mlimani na isiyosumbua kwa miaka mingi, lakini ina ugonjwa mmoja unaojulikana katika gereji nyingi: silinda hedi kupasuka.

Ugonjwa huo ukijitokeza mbali na nyumbani, hasara haiishii kwenye gari. Nyanya zinaoza, mteja anatafuta muuzaji mwingine, na kibali cha muda cha gari kinakaribia tarehe yake ya mwisho. Zaidi ya hayo, hedi ikifunguliwa kwa pupa, injini ambayo ingepona inaweza kuharibika kabisa.

Kwa nini hupasuka

Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, na bloku lake ni la chuma. Vitu hivi viwili havitanuki sawa vinapopata joto. Turbo nayo husukuma hewa nyingi zaidi kwenye silinda, mafuta mengi zaidi huchomwa na joto hupanda. Nyufa huanzia mara nyingi katikati ya vali au pembeni mwa kichumba ambamo dizeli huanza kuwaka, kwa kuwa hapo chuma ni chembamba na moto ni mkali.

Gari lililosheheni likipanda Sekenke, Mau Summit au vilima vya Kabale huku rejeta ikiwa imeziba, hedi ndiyo inayolipa. Kuna mazoea mawili yanayozidisha tatizo. La kwanza ni kung'oa themostati kwa imani kwamba gari litapoa zaidi. La pili ni kumwaga maji baridi kwenye injini iliyochemka. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi ghafla, hupasuka.

Dalili za mapema

Hedi huonya kabla ya kukata kauli. Maji yanapungua kila siku lakini hakuna panapovuja. Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu asubuhi, dakika chache tu baada ya kuwasha gari. Mapovu yanatoka kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma. Moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata joto, au oili inakuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Dalili hizi zinafanana na za gasketi iliyoungua. Ni vigumu kujua kwa uhakika ni ipi kati ya hizo mbili hadi hedi itoke na kupimwa. Kwa hiyo anayeambiwa "ni gasketi tu" asilipie gasketi peke yake kabla hedi haijafika kwenye mashine ya kupima.

Hatua za kufungua

Sharti la kwanza ni subira: injini ipoe kabisa, ikiwezekana ilale usiku mzima. Hedi ikifunguliwa ikiwa ya moto inaweza kupinda, na hapo tatizo moja huwa mawili.

Waya wa hasi wa betri hutolewa, kisha maji humwagwa kutoka kwenye rejeta na kwenye bloku. Yakingwe kwenye ndoo, kwa maana kulanti ni sumu kwa watoto na mifugo. Kabla ya kugusa nati yoyote, fundi apige picha za simu kutoka kila upande, kisha afunge karatasi zenye namba kwenye mipira na nyaya.

Kinachofuata ni kutoa intakula iliyo juu ya injini, mabomba ya hewa, na mabomba madogo ya oili na maji ya turbo. Kila tundu lililobaki wazi lizibwe kwa kitambaa safi. Mchanga kidogo au nati iliyoangukia ndani ya turbo inatosha kuvunja mapanga yake. Mabomba ya nozeli nayo yazibwe ncha zote mbili, kwa sababu vumbi ni adui mkubwa wa pampu ya dizeli.

Mkanda wa taiming usitolewe kabla alama zake hazijapangwa na kupigwa picha. Akikosea taiming wakati wa kurudisha, pistoni itagonga vali mara tu injini itakapozungushwa.

Sasa zinakuja bolti za hedi, na hapa ndipo haraka huvunja kazi. Hazifunguliwi moja moja hadi mwisho. Hulegezwa kidogo kidogo kwa awamu kadhaa, kuanzia za pembeni kuelekea katikati, ili mkazo upungue kwa usawa. Hedi ikigoma kutoka, isichokonolewe kwa bisibisi kwenye uso unaokalia gasketi, maana mkwaruzo mmoja hapo unaweza kuwa njia ya maji. Hunyanyuliwa wima na watu wawili au kwa winchi, kisha hulazwa juu ya vipande vya mbao.

Kupima kabla ya kununua

Hedi iliyotoka haihukumiwi kwa macho. Hupelekwa kwenye karakana yenye mashine, njia zake za maji zikazibwa, ikajazwa hewa na kuzamishwa kwenye maji ya moto. Mapovu ndiyo yatakayosema ukweli. Uso wake hupimwa kwa rula iliyonyooka, na uso wa bloku vivyo hivyo.

Kuchomelea ufa kunawezekana kwenye aluminiamu, lakini ufa ulio kati ya vali za injini ya turbo hurudi mara nyingi. Kusaga hedi nako kuna mpaka wake, kwa kuwa kwenye dizeli nafasi kati ya pistoni na vali ni ndogo sana.

Anayechagua hedi ya mtumba apatane na muuzaji mapema: ipimwe kwanza, pesa zifuate, na risiti iandikwe kwamba ikionekana na ufa itarudishwa. Gasketi nayo haichaguliwi kwa sura. Hutengenezwa kwa unene tofauti, na fundi hupima jinsi pistoni zinavyochomoza juu ya bloku ndipo ajue ipi inafaa. Kabla ya kufunga, matundu ya bolti yakaushwe. Oili au maji yaliyobaki chini yakibanwa na bolti yanaweza kupasua bloku.

Karatasi za mpakani

Wengi hufuata spea ng'ambo ya mpaka kwa sababu ya bei, na hapo huteleza kwenye jambo moja. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa mpakani kwa mzigo usiozidi Dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Hedi iliyotoka Japani au Dubai haiwi ya Afrika Mashariki kwa kuwa tu imenunuliwa Nairobi au Kampala. Ushuru wake uingizwe kwenye hesabu kabla ya kusema kwamba ni nafuu.

Anayevusha hedi yake mwenyewe kwenda kupimwa au kutengenezwa aitangaze forodhani wakati wa kutoka na atunze karatasi, ili isionekane ni mali mpya wakati wa kurudi. Na kama gari lenyewe limekwama nchi jirani, mwenye gari aombe kuongezewa muda wa kibali kabla hakijaisha, akiwa na barua ya gereji inayoeleza ubovu.

Injini ikishafungwa, rejeta isafishwe, themostati irudishwe na kulanti itumike badala ya maji matupu. Kilichopasua hedi ya kwanza kikiachwa palepale, ya pili nayo haitadumu.