Kupiga Picha Kwenye Mafunjo ya Dunga

Watu wengi hudhani kwamba picha nzuri hutokana na kamera ya thamani kubwa. Sivyo. Kwenye kinamasi cha Dunga, kusini ya mji wa Kisumu, mwenye simu ya mkononi aliyefika alfajiri humshinda mwenye kamera ya fahari aliyefika saa 4.

Sababu yake ni mwanga. Jua likiwa chini, nuru yake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, na rangi ya buluu hutawanyika njiani. Ibakiyo ni nyekundu na manjano. Lakini Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta, na huko jua hupanda wima, digrii 1 kwa kila dakika 4 hivi. Kwa hiyo mwanga huo wa dhahabu haudumu hata nusu saa. Yafaa uwe umekwisha fika na kuchagua mahali pa kusimama ifikapo saa 12 asubuhi.

Wakati huo maji huwa yametulia, na mafunjo huonekana mara mbili, juu na chini. Alasiri upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu na kuyavuruga. Jioni jua hutua upande wa magharibi, juu ya maji, mbele ya macho yako, na hapo ndipo wengi hukosea. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilitaka uso wa mvuvi akikunja wavu wake, nikapata kivuli cheusi tu. Ukitaka uso wa mtu, omba ruhusa yake kwanza, kisha lipe jua kisogo. Ukitaka umbo la mtumbwi, lielekee jua, na katika kioo cha simu gusa penye anga, si penye majani.

Jihadhari na viboko. Hao hutoka kula nyasi usiku na kurejea ziwani karibu na mapambazuko, saa zile zile za mpiga picha. Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Waulize wavuvi njia zake.

Ndani ya mafunjo yuko ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, ambaye aghalabu haishi penginepo. Mafunjo yakiisha, naye hana pa kwenda. Watu huyakata kwa kusuka mikeka, wengine huyachoma wapate mashamba, na mwaka 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda mno yakafunika kando zake. Waulize wazee 3 mpaka wa mafunjo ulikuwa wapi miaka 10 iliyopita, utapata majibu 3. Picha iliyopigwa mahali pale pale, mwezi ule ule, kila mwaka, huumaliza ubishi. Hakikisha mti au jiwe lisilohama limo ndani yake, andika tarehe, saa na mahali uliposimama, na nakala moja uwaachie wavuvi wa pale.